Jina Lenye Kutisha

Mwezi huu ninaanza na karatasi moja. Muisome polepole hapo nyumbani, mtoto wa masomo asaidie kutamka maneno magumu, na kila mtu ajiulize moyoni mwake: kitu hiki tukiache ao tukikataze?

Karatasi inasema hivi:

"Angalisho! Kuna kitu kinachoitwa monoksidi ya dihidrojeni. Hakina rangi, hakina harufu. Kila mwaka kinaua watu kwa maelfu, na watoto wadogo ndio wengi, kikiingia ndani ya mapafu. Kikiwa mvuke kinaunguza ngozi. Kinakula chuma. Kimepatikana ndani ya uvimbe wa wagonjwa wa kansa. Viwanda vya shaba na kobalti vinakitumia kwa wingi, kisha vinakimwaga mtoni. Katika machimbo ya chini ya ardhi kimekwisha kuua watu wenye nguvu zao. Mtu aliyekizoea, ukimnyima siku chache tu, anakufa. Pamoja na hayo yote, serikali haijakikataza, na kinauzwa sokoni mbele ya macho ya watoto."

Niliwasomea vijana wa kanisa letu maneno hayo siku ya Jumamosi, kisha mazoezi ya kwaya. Nikawauliza: nani anataka tuandike barua kwa bwana meya ili kitu hiki kikatazwe? Mikono ikapanda, hata ya wazee waliokuwa wakingojea funguo za kanisa. Kijana mmoja akasimama: "Pasta, tusingojee meya. Tuanze siye benyewe, tupite nyumba kwa nyumba." Binti mmoja tu, anayesoma biokimia kwenye sekondari, alikuwa amefunika uso na kitambaa, anacheka.

Tumuache binti aeleze. "Mono" maana yake moja, "di" maana yake mbili. Hidrojeni mbili zimeshikana na oksijeni moja. Kitu hicho ni maji. Ni mayi tu, wapendwa: ya kunywa, ya kusongea bukari, ya kufulia nguo, ya kubatizia.

Sasa rudieni ile karatasi mtafute uongo ndani yake. Hamtaupata. Maji yakijaa mapafuni mtu anakufa. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu watu wapata 300,000 waliokufa kwa kuzama katika mwaka 2021, na wengi walikuwa watoto na vijana. Mvuke unaunguza, kila mama aliyefunua sufuria vibaya anajua. Chuma kikiwekwa majini kinapata kutu. Uvimbe wa kansa una maji kwa sababu mwili wote una maji. Mgodi ukijaa maji, walio ndani hawatoki. Na ni nani anayeishi wiki mbili bila kunywa? Kila neno ni kweli, lakini yote pamoja yamewadanganya vijana wetu. Jambo hilo ndilo lilinifanya nichukue kalamu. Uongo wa wazi tumezoea kuujua. Huu wenye kujengwa kwa matofali ya kweli ni mgumu zaidi kuubomoa.

Mchezo huu si wangu. Mwaka 1983 gazeti dogo la mji wa Durand, jimbo la Michigan kule Marekani, liliandika katika toleo lake la siku ya kwanza ya Aprili (ile siku sisi tunaiita samaki ya Aprili) ya kwamba oksidi ya dihidrojeni imepatikana ndani ya mipomba ya maji ya mji, na kwamba inaua mtu akiivuta mapafuni. Karibu na mwaka 1990 wanafunzi wa chuo kikuu cha California mjini Santa Cruz wakaandika karatasi za kutisha juu ya jambo lilelile. Lakini aliyeupa mchezo huu faida ni kijana wa miaka 14, Nathan Zohner, wa mji wa Idaho Falls. Mwaka 1997 aliwapa wanafunzi wenzake 50 karatasi ya namna hiyo, akawauliza wanataka nini kifanyike. Watu 43 wakasema kikatazwe. Sita hawakuweza kuamua. Mmoja tu alijua ni maji. Kijana akapata zawadi kwenye maonyesho ya sayansi ya mji wao, na kazi yake ikasemwa nchi nzima.

Mtasema: hao ni watoto. Haya, twende kwa wakubwa. Mwaka 2004 viongozi wa mji wa Aliso Viejo, California, walikuwa wanajitayarisha kukataza vikombe vyepesi vya povu la plastiki kwenye sherehe za mji. Sababu mojawapo iliyoandikwa katika barua zao: vinatengenezwa kwa kutumia monoksidi ya dihidrojeni! Jambo lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye ratiba ya mkutano wakati mtu alipowafungua macho. Na mwaka 2013 watangazaji wawili wa redio kule Florida waliwatania wasikilizaji ya kwamba kitu hicho kinatoka kwenye robine zao. Watu wakaogopa, idara ya maji ikalazimika kutoa tangazo la kutuliza watu, na watangazaji wakasimamishwa kazi.

Kwa hiyo tusicheke vijana wetu. Neno tusilolielewa lina namna ya kutuinamisha vichwa. Hata mimbarani mnaona: mhubiri akitaja neno moja la Kigiriki, watu wanasema "Amina" mbele ya kujua ametaja nini.

Ile karatasi imeficha nini? Imeficha jina la nyumbani, lile ambalo mama angelijua mara moja. Imeficha kipimo: maji kiasi gani? Glasi ao mto? Tena imeficha njia: kunywa kwa kinywa ni jambo moja, kuvuta ndani ya mapafu ni lingine. Zamani sana kulikuwa na munganga mmoja, Paracelsus, aliyezaliwa mwaka 1493 na kufa mwaka 1541. Alikulia Villach, mji wa Austria ya leo, katika nchi ya machimbo kama yetu, na baba yake alikuwa munganga vilevile. Huyu aliona wachimbaji wakikohoa na kukonda, akaandika kitabu juu ya magonjwa yao, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1567, wakati yeye alikuwa amekwisha kufa. Ndiye aliyefundisha ya kwamba hakuna kitu kisichoweza kuwa sumu, na kwamba kipimo ndicho kinachogeuza kitu kuwa sumu ao kisiwe sumu. Miaka karibu mia tano imepita, na mabwana wa kemia bado wanamfuata katika neno hilo. Mimi ninaona si ajabu kwamba neno hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa akitembea penye machimbo.

Sasa sikieni jambo lililonitoa kwenye kicheko. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto akashikwa na kuhara. Kwenye kituo cha afya walimpa pakiti mbili za SRO, ule unga wa kuchanganya na maji. Kufika nyumbani, kijana wa pale, mwenye kusoma sana kwenye telefone, akasoma maandishi ya pakiti: kloruri ya sodiumu, glukozi, kloruri ya potasiumu, sitrati ya trisodiumu dihidrati. Akashtuka. Ujumbe ulikuwa umemfikia ukisema ya kwamba kloruri ya potasiumu ndiyo wanayowadunga wahukumiwa wa kifo kule Marekani ili moyo usimame.

Mama akaniambia mwenyewe: "Pasta, ile dawa minaimwanga inje. Iko na kile kintu banauwaka nayo batu ku Amerika. Weye unaweza kupa mutoto?"

Siku ya tatu mtoto alibebwa mbio kwenye lopitali, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Wakamtundikia chupa ya Ringer laktati. Bwana asifiwe, aliamka. Nilipofika kumtazama nikaomba munganga anisomee maandishi ya ile chupa. Ndani yake kulikuwa na kloruri ya potasiumu, ileile, inaingia kwenye mshipa tone kwa tone, na ndiyo ilikuwa ikisaidia kumrudisha mtoto. Mama akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, kwa maana hapakuwa fasi ya kuhubiri.

Lakini hapa ukurasani nafasi iko, basi tuifungue ile pakiti.

Ni kweli kabisa kwamba katika majimbo fulani ya Marekani wanaitumia kloruri ya potasiumu kuua wahukumiwa. Wanaidunga nyingi, kwa mara moja, ndani ya mshipa. Katika pakiti ya SRO ya lita moja mna gramu 1.5 tu, mtoto anainywa kidogo kidogo kwa kijiko. Potasiumu iliyo ndani ya lita nzima ni karibu sawa na ile iliyo katika ndizi mbili. Tena mtoto mwenye kuhara anaipoteza potasiumu kila anapohara, na ikipungua sana mwilini, misuli inalegea na moyo wenyewe unasumbuka. Kwa hiyo kumnyima ndiyo hatari.

Kloruri ya sodiumu? Hapo kijana wa telefone angeweza kututisha zaidi. Klorini ni gazi ambayo Wadachi waliifungulia juu ya askari karibu na Ypres, kule Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Sodiumu ni madini ambayo ukiyatupa majini yanawaka. Vikishikana hivyo viwili, vinaacha tabia zao za zamani na kuwa chumvi ya mezani. Ndani ya pakiti mna gramu 2.6. Glukozi, gramu 13.5, ni sukari, na kazi yake si utamu: inasaidia matumbo yavute chumvi, na chumvi inavuta maji. Sitrati ni ndugu wa ile asidi inayofanya ndimu iwe chachu, gramu 2.9. Na lile neno la mwisho "dihidrati", ambalo kijana alilitamka kwa sauti ya mazishi, maana yake ni kwamba sitrati hiyo imebeba maji mawili. Maji, wapenzi wasomaji. Tumerudi kwa kitu kilekile.

Pakiti moja, lita moja ya maji safi, inyweke siku hiyohiyo, na kesho yake uchanganye mpya. Kolera inarudi mara kwa mara katika miji yetu, Lubumbashi, Likasi, na huko kando ya ziwa Moero. Mwenye kolera anaweza kufa kwa muda wa saa chache kwa kukosa maji na chumvi tu. Ujumbe mmoja wa telefone ukiingia katika mtaa wakati kama huo, unafanya kazi mbaya kuliko kolera yenyewe, maana unavunja daraja ambalo wagonjwa wangevukia. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia pia juu ya klorini ya kusafishia maji na juu ya iodati ya potasiumu inayotiwa ndani ya chumvi ili watu wasipate uvimbe wa shingo. Klorini ikiwa nyingi inaunguza, hakuna anayekataa. Matone machache ndani ya bidoni, kwa kipimo walichofundisha watu wa afya, yanaua vidudu vya kolera na kukuacha salama.

Haya, kuna wale watakaofunga gazeti hapa na kusema: "Pasta amesema majina makubwa si kitu, tusiogope tena." Hapana! Ngojeni kwanza.

Nilisema monoksidi ya dihidrojeni ni maji. Lakini ana mwenzake, jina lao linafanana sawa mapacha: monoksidi ya kaboni. Huyu naye hana rangi wala harufu, na huyu ni muuaji kweli. Anazaliwa wapi? Ndani ya mbabula. Mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inabana huku kwetu, jamaa wanaingiza mbabula ndani ya chumba, wanafunga dirisha, wanaziba mlango na kitambaa, wanalala. Asubuhi majirani wanabomoa mlango. Kisha matanga watu wanaanza kunyoosheana vidole, bibi mzee analaumiwa uchawi, na kumbe ni makala. Monoksidi ya kaboni inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni, na damu ikishikwa hivyo haina tena nafasi ya kubeba pumzi. Kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu ao kutapika, anafikiri ni malaria, anajilaza, haamki. Na angalieni: makala yaliyokwisha kushika vizuri, mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, bado yanaitoa. Moshi si alama yake.

Mnaona sasa ugumu? Majina mawili yanakaribia kuwa moja. Moja unalipa mtoto wako anywe, lingine linammaliza usingizini. Lakini hakuna aliyepiga kelele juu ya makala, kwa sababu makala tunayajua kwa jina la nyumbani. Ni kama huko Kabwe, kwa jirani zetu wa Zambia. Mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na mpaka leo watoto wanaocheza katika vumbi la pale wana risasi ndani ya damu yao. Vumbi! Nani anaogopa vumbi? Neno fupi, la kila siku, limelala juu ya hatari kubwa.

Vivyo hivyo na neno "asidi". Kuna asidi sitriki ndani ya ndimu, asidi asetiki ndani ya siki, asidi askorbiki ndiyo vitamini C, na tumbo la kila mmoja wetu linatengeneza asidi hidrokloriki ili chakula kisagike. Lakini mwezi wa pili mwaka 2019, karibu na Tenke, kwenye barabara ya Kolwezi, kamioni iliyobeba asidi sulfuriki iligongana na basi, na watu zaidi ya kumi na watano walikufa, wengine kwa kuunguzwa na ile asidi. Asidi hiyo ndiyo inayotumiwa viwandani kuyeyusha shaba na kobalti ili zitoke ndani ya mawe. Inapita mbele ya nyumba zetu kila siku. Kuiogopa ni akili.

Tena kuna mabwana wenye kuja katika mitaa yetu na maneno makubwa ya kutulaza. Wanasema "efluenti", maana yake maji machafu yaliyotupwa. Wanasema "parametri ziko katika kanuni." Hapo pia vijana waliosoma waulize bila kutukana, kwa heshima: bwana, kitu hicho kwa jina la nyumbani ni nini? Kimetoka kiasi gani? Kinaingia wapi, kisimani, shambani, ao hewani? Nani alipima, na siku gani? Mtu mwenye kujua kazi yake atajibu kwa maneno ambayo hata mama muuza sombe ataelewa.

Jambo la mwisho ni la akina mama wanaonunua bidoni na mapipa ya kutekea maji. Mengi yanatoka viwandani. Hapo jina refu likiandikwa ubavuni musilidharau, na kama Kifaransa kinawashinda, tazameni picha. Ni kijisanduku cheupe chenye mpaka mwekundu, kimesimama kwa pembe yake. Kikiwa na chupa inayodondosha juu ya mkono na juu ya chuma, kitu kilichokuwa ndani kinaunguza. Kikiwa na kichwa cha mfu na mifupa miwili, ni sumu. Mapipa ya namna hiyo yasiingie jikoni, hata muuzaji akiapa kwamba yameoshwa na sabuni mara saba, kwa maana plastiki inakunywa na kushika vile vilivyokaa ndani yake. Na kama picha imekwanguliwa, ulizeni kwa nini mtu alijichosha kuikwangua. Lile mlilokwisha kununua, litoboeni tundu kubwa chini mbele ya kulitupa, ili jirani asiliokote akalitekea maji.